Chanzo Kinahitajika: Mitaa ya Eastlands katika Makala za Wengi

Wazee wa mtaa wa Kaloleni, Nairobi, husimulia kwamba nyumba zao za mawe na mapaa ya vigae zilijengwa na mateka wa vita wa Kiitaliano katika miaka ya 1940. Simulizi hiyo ilitoka barazani ikaingia magazetini, kisha ikarudi barazani ikiwa na nguvu zaidi. Mtu akiiandika katika makala ya wiki, yaani makala ambayo msomaji yeyote anaruhusiwa kuihariri, huenda akarudi baada ya siku chache akute maneno mawili yamepachikwa mwishoni mwa sentensi yake, ndani ya mabano: chanzo kinahitajika. Aliyeyapachika pengine hajawahi kupita Jogoo Road. Hajasema kwamba mwandishi ni mwongo. Ameweka alama mahali penyewe penye shaka ili atakayefuata aione kazi iliyobaki.

Alama hizo zina historia yao, na mitaa ya mashariki mwa Nairobi ina historia yake. Zilipokutana lilijitokeza jambo lisilopendeza: mitaa ambayo watu wake wanaifahamu nyumba kwa nyumba ndiyo ambayo watu hao waliiandikia karatasi chache kuliko wageni. Ndiyo maana sentensi kuhusu Pumwani au Dandora inapoombwa chanzo, ombi hilo huamsha swali la zamani zaidi: ni nani aliyepewa nafasi ya kuwa chanzo?

Kalamu ilikuwa mikononi mwa nani, 1899–1975

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mji ukagawanywa kwa rangi tangu mapema. Wazungu walichukua vilima vya magharibi na kaskazini. Waafrika wakasukumwa mashariki, kwenye tambarare ya udongo mweusi. Kambi ya wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wale wa Carrier Corps, iliacha jina la Kariokor. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ilitenga Pumwani kuwa makao rasmi ya Waafrika, na mwishoni mwa miaka ya 1930 kijiji cha Pangani kilipovunjwa, wengi wa wenyeji wake wakahamia Shauri Moyo. Zikafuata Ziwani, Starehe na Kaloleni katika miaka ya 1940, kisha Bahati, Mbotela, Ofafa, Jericho na Jerusalem.

Walioandika habari za mitaa hii walikuwa maofisa wa afya, maofisa wa manispaa waliosimamia mambo ya Waafrika, na wataalamu waliotayarisha mpango mkuu wa mji wa mwaka 1948. Ndani ya faili zao mkaazi huonekana akiwa mpangaji anayedaiwa kodi, mgonjwa aliyehesabiwa au mtu asiye na kibali cha kukaa mjini. Tarehe 24 Aprili 1954, ilipoanza Operesheni Anvil, msako wa serikali dhidi ya waasi wa Mau Mau, askari walizingira maeneo ya Waafrika, wakawapanga watu kwa kabila na kwa kipande, yaani cheti cha utambulisho, na makumi ya maelfu wakaishia kwenye kambi za Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani. Siku zile karatasi ziliamua nani arudi nyumbani na nani asirudi, na mwenye kuzisoma alikuwa askari.

Hata majina ya mitaa yana upande. Mbotela ni kumbukumbu ya Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha Kenya African Union (KAU) aliyeuawa mwaka 1952. Ofafa ni kumbukumbu ya Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa mwaka 1953. Wote wawili waliuawa wakati wa Hali ya Hatari, na ni serikali ya kikoloni iliyoyachagua majina yao na kuyatundika kwenye mitaa mipya. Anayetaka kuandika habari zao leo atakutana kwanza na faili za serikali hiyo hiyo na magazeti ya wakati huo, vyanzo ambavyo vilikuwa na lao la kusema juu ya Mau Mau. Chanzo kipo, lakini hakitoshi peke yake.

Uhuru ulibadilisha mwenye nyumba kuliko ulivyobadilisha mwenye kalamu. Buruburu ilianza kujengwa mwaka 1973 kwa watu wa mishahara. Dandora ilianza mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: karibu viwanja 6,000 vyenye maji na choo, mwenye kiwanja akijijengea vyumba mwenyewe. Mradi huo ulitathminiwa na kuandikiwa ripoti nyingi, ila ziliandikwa kwa ajili ya wakopeshaji na wapangaji wa miji. Mama aliyejenga chumba baada ya chumba na kukodisha viwili ili amalize cha tatu ni takwimu ndani ya ripoti hizo. Jina lake halimo, na maneno yake ni nadra kuyaona.

Alama zinazaliwa, 1995–2005

Tarehe 25 Machi 1995 mwanaprogramu Mmarekani, Ward Cunningham, alifungua tovuti ambayo msomaji angeweza kuibadilisha papo hapo bila kuomba ruhusa. Wikipedia ilifuata tarehe 15 Januari 2001. Mwanzoni mashaka yalijadiliwa pembeni, kwenye ukurasa wa majadiliano ulio nyuma ya kila makala, na msomaji wa kawaida hakujua kwamba sentensi anayoisoma inagombaniwa upande wa pili.

Programu inayoendesha Wikipedia ilipowezesha vigezo, mambo yalibadilika. Kigezo ni neno fupi linaloandikwa katikati ya mabano mawili mawili yaliyopinda. Ukihifadhi ukurasa, neno hilo hugeuka tangazo kamili. Mwezi Juni 2005 Wikipedia ya Kiingereza ikapata kigezo cha kuomba chanzo, kinachokaa ndani ya aya, baada ya neno lenye shaka. Mwaka huo huo ulionyesha kwa nini kilihitajika. Kuanzia Mei, wasifu wa mwandishi wa habari Mmarekani John Seigenthaler ulibeba uongo kwamba aliwahi kuhusishwa na mauaji ya Kennedy, na uongo huo ulikaa miezi minne pasipo mtu kuuliza nani kasema. Baada ya kashfa hiyo masharti ya uthibitisho yalikazwa, na alama zikaongezeka: moja inauliza nani, nyingine lini, nyingine inaomba ufafanuzi, nyingine inasema kiungo kimekufa. Yapo pia maelezo yaliyofichwa, yanayoonekana tu na anayefungua ukurasa ili auhariri, yenye maonyo kama vile usibadilishe tarehe hii kabla ya kusoma majadiliano.

Nguvu ya alama hizi iko katika jambo ambalo msomaji halioni. Kila moja hubeba mwezi na mwaka iliowekwa, na makala husika huingia kwenye orodha ya mwezi huo. Mhariri mwenye saa moja ya ziada anaweza kufungua orodha ya zamani kuliko zote na kuanzia hapo, bila msimamizi wa kumpangia kazi. Ni kama chaki ya fundi cherehani juu ya kitambaa: inaonyesha pa kurekebisha, na haikukusudiwa kubaki. Nauona uvumbuzi huu kuwa wa heshima. Unamruhusu mtu kuwa na shaka bila kufuta kazi ya mwenzake.

Mbegu, 2003–2007

Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Miongoni mwa waasisi wake alikuwamo Ndesanjo Macha, Mtanzania aliyejulikana kwa kublogu kwa Kiswahili wakati ambapo wengi walidhani kompyuta haiwezi kuongea lugha hiyo. Wahariri walikuwa wachache mno, na iliwabidi kujenga karakana na kuandika makala kwa wakati mmoja. Kurasa za matangazo wakaziita vigezo, makundi wakayaita jamii, wenye funguo za kufuta na kulinda kurasa wakawaita wakabidhi. Makala fupi isiyokamilika ikapewa jina la mbegu, na tangazo lake humuuliza msomaji kama anajua lolote zaidi kuhusu jambo hilo, kisha humkaribisha aongeze.

Mbegu zikapandwa kwa maelfu. Kata za Tanzania zilipata kurasa zao, kila moja ikiwa na idadi ya watu kutoka sensa ya 2002. Baadaye kata za Kenya nazo zikafikiwa, zile za Nairobi zikiwamo: sentensi mbili tatu, jina la eneo bunge, na tangazo la mbegu chini yake. Mtoto wa Kayole aliyekisoma Kiswahili darasani miaka yote angeweza kumaliza ukurasa wa kata yake kabla matatu haijatoka steji.

Kwa nini mbegu za Nairobi hazikuota? Sababu moja ni shule. Eastlands huongea Kiswahili na Sheng, lugha ya mitaani, kutwa kucha, lakini kijana wake alifundishwa kwamba jambo zito huandikwa kwa Kiingereza, kuanzia insha ya historia hadi barua ya kuomba kazi. Alipoingia saiba na kulipia dakika zake, alifungua Wikipedia ya Kiingereza. Wale walioijenga ile ya Kiswahili walikuwa hasa Tanzania na ng'ambo, watu wenye bidii ya ajabu ambao hawakuwa na njia ya kujua soko la Burma liko upande gani wa Jogoo Road.

Januari 2008

Matokeo ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 yalipotangazwa, ghasia zilizuka, na Mathare na Huruma zilikuwa kati ya sehemu zilizoungua. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini. Matangazo ya moja kwa moja yalikuwa yamepigwa marufuku, na uvumi ukajaza pengo. Mwanablogu Mkenya, Ory Okolloh, aliomba hadharani wataalamu wa kompyuta watengeneze ramani ya kupokea taarifa za wananchi, na kwa siku chache yeye na wenzake, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia wakiwamo, wakaisimamisha Ushahidi.

Ushahidi haikuwa wiki, lakini ilikabiliwa na tatizo lile lile katika hali ya hatari zaidi. Taarifa iliyotumwa kwa simu kwamba nyumba zinachomwa ingeweza kuokoa watu, na ikiwa ya uongo ingeweza kuwaua wengine kwa kisasi. Waliamua kuonyesha kando ya taarifa kama imethibitishwa au bado. Katika mitaa ambako uvumi ulikuwa unatoa watu majumbani, wakaazi waliona kwamba habari inaweza kutolewa pamoja na kiwango cha uhakika wake. Sidhani kwamba somo hilo limewahi kutolewa kwa gharama kubwa kuliko pale.

Zawadi na kufutwa, 2009–2010

Katikati ya mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zilifika pwani ya Kenya, SEACOM ikiwa kati ya za kwanza, na bei ya intaneti ikaanza kushuka. Mwishoni mwa mwaka huo kampuni ya Google iliandaa shindano kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania: andika makala za Kiswahili, ushinde kompyuta na simu. Mamia ya makala yakaingia kwa wiki chache. Mengine yalikuwa mazuri. Mengine yalisomeka kama mashine iliyomeza Kiingereza, na wahariri wa kudumu wakabaki na mlima wa kusahihisha. Wengi wa washindani hawakuonekana tena baada ya zawadi. Kadiri tafsiri za mashine zilivyozidi, ndivyo alama ya kuonya kwamba makala imetafsiriwa kwa kompyuta na inangoja jicho la mtu ilivyozidi kupata kazi, na hadi leo bado inayo.

Machi 2010 likaja tukio ambalo nadhani liliwafundisha Wanairobi habari za vigezo kuliko semina yoyote. Kikundi cha Just a Band kilitoa video ya wimbo wa Ha-He, na shujaa wake aliitwa Makmende. Jina hilo halikuwa jipya. Watoto wa mitaa ya Nairobi walikuwa wakiitana hivyo tangu zamani, kumsuta anayejifanya shujaa wa sinema. Kwa siku chache mtandao mzima wa Kenya ukajaa visa vya Makmende, na watu wakakimbilia Wikipedia ya Kiingereza kumwandikia ukurasa. Ukabandikwa alama ya kufutwa, ukafutwa. Wakauandika tena, ukafutwa tena.

Kwa mhariri wa ng'ambo sababu ilikuwa wazi: hakuna gazeti wala kitabu kilichotajwa, na sehemu za maandishi zilikuwa utani mtupu. Kwa Mkenya aliyekua na jina hilo mdomoni, kufutwa huko kulikuwa tusi. Nchi nzima inamjua, na bado mtu mmoja mbali huko anasema hayupo! Mtafiti Ethan Zuckerman aliandika juu ya mkasa huo, akitaka wahariri wafikirie wanavyohukumu umaarufu wa mambo yanayotokea mbali nao. Vyombo vya habari vya ng'ambo viliporipoti habari za Makmende, makala iliandikwa upya kwa vyanzo hivyo na ikabaki. Ukurasa ulisimama kwa sababu mgeni alikuwa ameandika kile ambacho mwenyeji alikijua miaka mingi. Jambo hilo linaniuma hata sasa, ingawa naelewa kanuni ilikotoka.

Ramani inayojisahihisha, 2009–2015

Wakati makala zikibishaniwa, vijana wengine walishika GPS. Mwishoni mwa 2009 mradi wa Map Kibera ulianza kuijaza Kibera kwenye OpenStreetMap, ramani huru ambayo yeyote huihariri, na muda si mrefu kazi hiyo ikavuka mji hadi Mathare. Ramani hii nayo ina alama yake ya ndani: mchoraji asiye na uhakika huacha kwenye njia au jengo lebo ya kuomba marekebisho, na anayefuata huiona pale pale kwenye ramani.

Hapa mwenyeji alikuwa na faida ambayo makala hazikumpa. Ramani haimdai kitabu. Ukisimama kwenye bomba la maji la Mathare na kifaa mkononi, kuona kwako kunakubalika kuwa ushahidi. Hivyo lebo za mashaka kwenye ramani ziliweza kuondolewa na kijana wa mtaa aliyekwenda kuangalia.

Kisha zikaja matatu. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na watafiti wa MIT na Columbia, walipanda matatu na simu zao wakirekodi vituo na njia, na mwaka 2014 mradi wa Digital Matatus ukatoa ramani ya njia zaidi ya 130. Mtandao wa usafiri ambao mamlaka hazikuwahi kuuchora, na ambao makondakta waliujua kwa moyo, sasa ulikuwa karatasi ya kunukuliwa.

Maneno yanayochakaa, 2013–2020

Uchaguzi wa mwaka 2013 ulikuja na kaunti na mipaka mipya. Embakasi, lililokuwa jimbo moja kubwa, likagawanywa matano: Umoja ikaangukia Embakasi Magharibi, Dandora ikawa Embakasi Kaskazini, Kayole na Komarock zikawa Embakasi ya Kati. Makala yoyote iliyosema kwamba mtaa fulani uko jimbo la Embakasi, mkoa wa Nairobi, ilichakaa kwa siku moja. Wahariri waangalifu huogopa maneno kama hivi sasa na hivi karibuni kwa sababu hiyo, na ile alama inayouliza lini hapo ndipo hupata kazi. Mtaa ambao barabara hupanuliwa na maghorofa huota kila mwaka, kama Umoja, hauwezi kuandikwa bila tarehe.

Viungo navyo hufa. Mwaka 2020 gazeti la Nation lilihamia anwani mpya ya mtandao, na wahariri walilazimika kukagua marejeo yaliyokuwa yakielekea kwenye ile ya zamani. Kwa mitaa ambayo ushahidi wake mkubwa ni habari moja ya gazeti, kiungo kikifa sentensi hurudi pale pale ilipoanzia, ikingoja chanzo. Hifadhi ya Internet Archive, inayonakili kurasa za mtandao tangu 1996, imewaokoa wengi, na ipo roboti inayopita kwenye makala ikibadilisha viungo vilivyokufa kwa nakala zilizohifadhiwa. Lakini roboti haiwezi kufufua habari ambayo haikuwahi kuandikwa.

Mdomo na karatasi, 2011 hadi sasa

Mwaka 2011 Achal Prabhala wa India aliongoza mradi uliorekodi sauti za wanavijiji wa India na Afrika Kusini wakieleza michezo, mapishi na desturi zao, ili sauti hizo zitumike kama vyanzo vya makala. Wengi wa wahariri wa Kiingereza hawakukubali, wakihofia kwamba yeyote angeweza kumrekodi yeyote. Hofu hiyo ina msingi. Lakini tangu hapo hakuna anayeweza kusema kwamba kanuni ya chanzo kilichochapishwa ni sawa kwa wote, maana uchapishaji wenyewe haukugawanywa sawa.

Sheng ni mfano mzuri, kwa kuwa imetokea Eastlands na kila mtu ana habari zake. Wapo wanaoapa kwamba ilianzia Kaloleni, wengine Pumwani, wengine Jericho. Wataalamu nao wanatofautiana: Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde waliiweka mwanzoni mwa miaka ya 1970, Alamin Mazrui akaona mizizi yake tangu miaka ya 1930, na mwaka 2018 Chege Githiora akaitolea kitabu kizima. Mhariri mzuri hachagui mshindi. Anaandika kila tarehe pamoja na jina la aliyeisema, na ile alama ya nani inaondoka kwa halali. Madai ya mitaa hayajaweza kufanyiwa hivyo, kwa kuwa aliyeyasema hakuyachapisha popote.

Agosti 2025 Nairobi ilipokea Wikimania, mkutano wa dunia wa wahariri wa Wikipedia na miradi dada zake. Kwa siku nne, tarehe 6 hadi 9, watu waliozoea kuweka alama kwenye habari za Nairobi kutoka mbali walikuwa mjini humo. Nilitamani kila mmoja wao apelekwe Moi Avenue, kwenye jengo la Nyaraka za Taifa, lililo karibu na barabara ambazo matatu nyingi za Eastlands hupitia. Mle ndani kuna ripoti za mwaka za maofisa wa manispaa, na mawasiliano yao juu ya nyumba na kodi. Natamani kuwaona humo wakaazi wenyewe zaidi ya wageni. Kijana wa mtaa wa Mbotela akisoma faili iliyomhusu babu yake ataona mahali ofisa alipokosea jina la mtu, au alipoita mgomo fujo. Ataandika aliyoyaona na kuyapeleka kwa mhariri wa gazeti, au atachapa kijitabu cha mtaa na kuacha nakala kwenye maktaba ya kaunti pale Kaloleni. Siku kazi yake itakapotajwa kwenye makala ya wiki, pamoja na namba ya faili na ukurasa, alama moja itafutwa, na orodha ya mwezi ule itapungua kwa makala moja.